Ngome ya Pujini na Jina la Mkama Ndume



Atokaye Chake Chake kuelekea kusini-mashariki, baada ya takribani kilomita 10, hufika Pujini, penye magofu ya ngome iliyojengwa katika karne ya 15. Nyakati hizo kule Venice palikuwa pakiendelezwa Jumba la Doge, lililoanza kujengwa upya mwaka 1340 kwa mtindo wa Kigothi. Ndani yake mlikuwa na makao ya mtawala, mahakama na gereza. Nayataja mawili haya pamoja kwa kuwa yote yalijengwa ili raia ajue utawala unakaa wapi.

Tofauti yao, hata hivyo, ni kubwa. Ukumbi wa baraza kuu la Venice una urefu wa mita 53 na upana wa mita 25. Fundi wa Kiswahili alijenga kwa mawe ya matumbawe na chokaa, akaezeka dari juu ya boriti za mikoko, na boriti haivuki kwa usalama zaidi ya mita 3 hivi. Ndiyo maana vyumba vya majumba yetu ya kale ni virefu na vyembamba. Mti ndio uliompimia mfalme sebule yake!

Lakini Pujini ina jambo ambalo miji mingine ya pwani ya wakati ule haikuwa nalo: boma nene la mawe na udongo, lililojengwa kwa ajili ya vita. Chini ya ardhi kuna chumba kidogo, na ukutani mwake imechongwa katika lipu sura ya siwa, lile pembe la enzi. Wanaakiolojia walioongozwa na Adria LaViolette walichimba hapo katika miaka ya 1990. Siwa hupigwa hadharani watu wasikie. Hii ilifichwa gizani. Kwangu mimi hicho ndicho kitu cha ajabu kuliko vyote hapo, maana mtawala aliyezungukwa na boma alitaka pia ulinzi usioonekana kwa macho.

Alimwogopa nani? Pemba ilikuwa kisiwa cha neema, na mchele wake ulilisha Mombasa, hivyo maadui wa baharini hawakukosekana. Simulizi za wenyeji, hata hivyo, hazimzungumzii adui wa nje. Zinamzungumzia mwenye ngome, Mkama Ndume. Kukama ni kukamua, kama akamuavyo mtu ng'ombe. Ndume ni wanaume. Husimuliwa kwamba aliwabebesha watu mawe vichwani huku wakijikokota kwa makalio, hata boma likasimama. Jina alilopewa na wazazi wake limesahauliwa na wengi, la wabeba mawe limebaki.

Husimuliwa pia habari za kisima chake. Alikuwa na wake wawili wasiopatana, akakigawa kisima kwa ukuta: mmoja ateke kwa ndoo na kamba, mwingine ashuke kwa ngazi hadi majini, wasionane kamwe. Kisiwa kizima kilimtii, lakini nyumbani kwake ilimlazimu kujenga ukuta mwingine, tena kisimani.