Wito wa Jirani: Habari za Wazima Moto wa Kujitolea

Atajwapo mzima moto, fikira za watu wengi huelekea kwenye moto na maji. Lakini historia yatufunza kwamba tangu asili kazi yake haikuwa hiyo peke yake.

Mnamo mwaka 1730 moto uliteketeza maghala na nyumba kando ya bandari ya Philadelphia, huko Marekani, wakati Waingereza walipokuwa wakitawala. Mji haukuwa na kikosi cha zimamoto cha serikali. Mwenzio akinyolewa, wewe tia maji: tarehe 7 Desemba, 1736, Benjamin Franklin na wenzake walianzisha chama kilichoitwa Union Fire Company. Kila mwanachama aliahidi kuweka tayari ndoo za ngozi pamoja na mifuko imara. Ndoo zilikuwa za maji. Mifuko ilikuwa ya kuokolea mali ya jirani, isiungue wala kuibwa katika ghasia. Basi tangu mwanzo wito ulikuwa wa namna mbili.

Vyama vilipozidi, yakaingia mashindano. Katika karne ya 19 wanachama walifikia hata kupigana njiani, wakigombea nani atangulie, huku nyumba ikiteketea. Mwaka 1871 Philadelphia ikaweka kikosi cha kulipwa. Lakini katika miji midogo na mashambani, ambako fedha ni haba, wa kujitolea walibaki. Na hata leo ndio walio wengi kati ya wazima moto wa Marekani.

Kilichogeuka ni wito wenyewe. Mwaka 2020 vikosi vya nchi hiyo, vya kulipwa na vya kujitolea, viliitwa kiasi cha mara milioni 36. Miito ya moto haikufika milioni 1.5. Karibu thuluthi mbili ilikuwa ya wagonjwa: mzee aliyeanguka, au mtu aliyeshikwa na maradhi ya moyo. Mingine ilikuwa ya watu walionaswa ndani ya motokaa zilizogongana, gesi inayovuja, nyaya za umeme zilizokatika, na kengele za bure. Hata kengele ya bure huitikiwa, kwani hakuna ajuaye ukweli kabla ya kufika.

Anayeitika ni seremala, mwalimu au mkulima, aachaye kazi yake au usingizi wake. Idadi ya watu hao imepungua katika miaka ya karibuni, ilhali miito inazidi. Mji usioweza kulipa mishahara hauna kinga nyingine ila ahadi ile ya mwaka 1736, nayo haina budi kuwekwa upya na kila kizazi.