Wavuvi wa Pemba: Ujuzi Ulivuka, Karatasi Zikakwama

Kaskazi ikiingia na bahari ikatulia, wavuvi wa Pemba huenda dago. Hupakia nyavu, mishipi na masufuria chomboni, wakavuka hadi Vanga, Shimoni au Gazi, katika pwani ya Kwale nchini Kenya, wakapiga kambi ufuoni msimu mzima. Wenyeji wa Kwale waliwathamini kwa sababu walijua kuvua maji makuu, nje ya miamba.

Zamani safari hiyo haikuwa ya kwenda ugenini. Ukanda wa pwani wa maili 10 ulikuwa milki ya Sultani wa Zanzibar, Waingereza wakiusimamia. Mpemba aliyeshuka Shimoni alikuwa bado katika himaya ya mfalme wake. Desemba 12, 1963, ukanda huo ukaingia Kenya huru. Mwezi mmoja baadaye, Januari 12, 1964, Zanzibar ikapinduliwa, na familia zaidi zikakimbilia ng'ambo hii. Waliokuwa wamelowea Kwale wakajikuta wageni bila kuhama.

Watoto na wajukuu wao walizaliwa hapa, wakakua bila kitambulisho. Alfajiri, nguru na kolekole walipowekwa kwenye mizani, aliyewavua alikuwa Mpemba, lakini leseni ya uvuvi ilikuwa na jina la mwingine. Laini ya simu iliyopokea malipo ilisajiliwa kwa kitambulisho cha jirani. Benki haikumkopesha mashine ya boti. Nahodha hodari akaishia kuwa kibarua katika chombo cha mtu.

Wamakonde, waliotoka Msumbiji kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa, ndio waliofungua njia. Oktoba 2016 walitembea kwa miguu kutoka Kwale kwenda Nairobi kudai uraia, wakatambuliwa kuwa kabila la 43. Zamu ya Wapemba wa Kenya kutambuliwa ilifika mwaka 2023.

Lakini mvuvi wa dago, anayekuja kwa msimu na kurudi Pemba, bado anavuka kama mgeni. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 1, 2010, iliahidi wafanyakazi uhuru wa kuvuka mipaka. Mikataba ya kutambuana taaluma ikatiwa saini kwa wahasibu, wasanifu majengo, wahandisi na madaktari wa mifugo. Mvuvi, aliyesomea baharini kwa babake, hakukumbukwa.

Dawa iko karibu. Vikundi vya usimamizi wa fukwe (BMU) vya Kwale na kamati za wavuvi za Pemba zinawajua manahodha wao kwa majina na kwa tabia. Serikali mbili zizipe mamlaka ya kuwadhamini, na kibali cha msimu kitakachotolewa kikubalike Shimoni sawasawa na Wete, kisiwani Pemba.