Kusanidua: Historia Fupi ya Kitenzi na Kazi Yake

Kiswahili kina kiambishi kidogo chenye kazi nzito. Funga, fungua, kunja, kunjua, tega, tegua, ziba, zibua. Wanasarufi huiita kauli ya kutendua, kwa kuwa tendo la awali hurudishwa lilikotoka. Ni kauli hiyohiyo iliyotupa sanidua, yaani kuiondoa programu iliyokwisha kusanidiwa.

Kwa nini hatukutosheka na fungua? Mafundi wetu husema mtambo umefungwa ukishawekwa mahali pake, nao hufunguliwa unapoondolewa. Lakini katika kompyuta, kufungua programu ni kuianzisha ifanye kazi. Neno lilikwisha kuchukuliwa, ikabidi kauli ya kutendua itafutiwe shina jingine.

Haja hiyo ilichelewa kufika kwetu. Kompyuta ya kwanza nchini Tanzania ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku uingizaji wa mashine hizo. Ilipofika mwaka 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili. Hapo istilahi zikatoka vitabuni zikaingia kwenye kioo.

Kazi yenyewe nayo ina historia. Kabla ya Windows 95, programu nyingi zilikaa katika folda zao na kuacha mistari michache katika faili za mfumo. Ukivifuta hivyo, umemaliza. Kuanzia mwaka 1995, sajili ya mfumo ikawa ndiyo daftari kuu la mashine, na pakawekwa mahali maalumu pa kuondolea programu. Jambo likawa jepesi kwa mtumiaji, ila faili ya kusanidua ikipotea, programu hubaki kama ndago: jani umelikata, kiazi kimo ardhini.

Nililiona hilo Mlola, katika milima ya Usambara, mbele ya kompyuta kuukuu ya Windows XP. Ndani yake mlikuwa na tungo za mzee mmoja, alizozipiga chapa kwa miaka, pamoja na programu ya kuzuia virusi iliyokwisha muda wake, ikiilemea mashine na kukataa kuondoka. Palikuwa na shauri kwamba diski ifutwe yote. Shauri hilo lingeng'oa gugu pamoja na mazao.

Tulianza kwa kunakili tungo zote kwenye flashi. Kisha tukaiwasha mashine kwa kubonyeza F8 na kuchagua hali salama, ambamo programu nyingi za ziada haziamki. Tukazima huduma za programu ile, tukafuta folda yake, tukahifadhi nakala ya sajili, ndipo tukaondoa maingizo yaliyobeba jina lake tu. Lile tusilolitambua hatukuligusa. Mashine ilipowashwa upya, mzee alifungua shairi lake la kwanza, akalisoma kwa sauti hadi beti la mwisho.

Hata hivyo, kutendua hakurudishi mambo yote yalivyokuwa. Nguo iliyokunjuliwa hubaki na mikunjo. Mji wa Lushoto uliitwa Wilhelmstal enzi za Wajerumani. Jina liliondoka, majengo yao kadhaa yangali yamesimama. Nadhani ndiyo maana lugha yetu haikuridhika na futa peke yake. Kufuta hakuulizi kitu kiliwekwaje. Kutendua humlazimu mtu aijue kwanza njia ya kufunga.

Washairi wamekuwa wazito kulikaribisha neno hili, wakiliona la mafundi. Nawaomba walipime: sa-ni-du-a, mizani nne kamili, nusu ya kipande cha mizani nane, na kina chake huitikiwa vyema na dua.