Namba za Shangazi Zinakaa Wapi?

Haya wadau, leo tuweke siasa pembeni kidogo. Kuna jambo limenikaa kichwani tangu mwezi uliopita na nisipolitoa hapa sitalala.

Nilikuwa naandika habari ya gazeti kuhusu akina mama wanaojifungulia vituo vya afya. Nikaenda kuomba takwimu. Afisa mmoja, mtu mkarimu sana, akanigeuzia skrini ya kompyuta yake. Namba za zahanati zote za eneo lake zilikuwa pale, mwezi kwa mwezi. Mimi nikauliza swali la kitoto.

"Hizi namba zinakaa wapi?"

"Kwenye seva."

"Ndani ya nini?"

Akacheka. "PostgreSQL."

"Ya kampuni gani?"

Akafikiri kidogo. "Si ya kampuni. Si ya mtu."

Nikapanda bajaji hadi njia panda ya Uyole, pale malori ya kwenda Tunduma yanapoachana na yale ya Tukuyu na Kasumulu, huku nikirudia maneno hayo. Si ya mtu! Kitu kinachobeba hesabu ya watoto wetu wote wanaozaliwa hakina mwenyewe? Na kama hakina mwenyewe, nani alikubali kukitumia, na nani atakitengeneza kikiharibika?

Swali hili linanihusu binafsi. Shangazi yangu alikuwa nesi katika zahanati moja ambayo sitaitaja. Nikiwa shule ya msingi nilikuwa naenda kwake likizo ya Juni, Uyole baridi ikiwa ya kung'ata. Kila mwisho wa mwezi aliweka mezani vitabu vya MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, ulioanza nchini mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mimi nikisoma vijistari, yeye akijumlisha. Wagonjwa wa nje, wajawazito, waliojifungua. Kosa moja tu, tunaanza upya. Halafu karatasi inapelekwa wilayani.

Mwaka mmoja aliambiwa kituo chake hakikuleta ripoti za miezi mitatu. Alikuwa amepeleka zote kwa mkono wake. Zilipotelea huko zilikopotelea. Hakugomba. Alisema tu, "Mwanangu, kumbe tulikuwa tunahesabia nani?"

Sasa tuingie kwenye historia yenyewe.

Kanzidata ni nini hasa? Chukua kitabu cha MTUHA namba 6 cha wajawazito na namba 12 cha wanaojifungua. Mama yuleyule yumo katika vyote viwili. Ukitaka kujua aliyehudhuria kliniki mara nne alijifungua salama au la, inabidi uoanishe vitabu viwili kwa namba ya kadi yake. Kazi hiyo ya kuoanisha majedwali ndiyo aliyoiwekea misingi ya kihesabu Edgar Codd wa kampuni ya IBM mwaka 1970. Kuanzia hapo makampuni yakatengeneza programu za kazi hiyo na kuziuza kwa bei ambayo wizara maskini ilikuwa inaiangalia kwa mbali tu.

Kwa hiyo mifumo mingi ya afya ya Afrika ilianzia kwenye kilichokuwepo mezani, nacho kilikuwa Microsoft Access. Afrika Kusini, baada ya uchaguzi wa 1994, mradi ulioitwa HISP ulianza Cape Town ukishirikiana na watafiti wa Norway, na humo ikazaliwa programu ya DHIS ya kukusanya takwimu za wilaya. DHIS yenyewe ilikuwa ya bure, lakini ilisimama juu ya Access, ambayo haikuwa ya bure. Nyumba yako, kiwanja cha mwingine. HISP ikafika pia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Zanzibar.

Kenya walipita njia hiyohiyo. Katika kituo cha afya cha Mosoriot, karibu na Eldoret, mwaka 2001 kulianza mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa uliojengwa kwa Access. Wagonjwa wa UKIMWI walipoongezeka, mfumo ukaelemewa. Mwaka 2004 madaktari na wataalamu wa kompyuta kutoka Indiana, Marekani, wakaanza kubuni mfumo mpya, OpenMRS, ambao Eldoret ilianza kuutumia 2006. Huo ukawekwa juu ya MySQL.

Mwaka 2004 huohuo, Chuo Kikuu cha Oslo kikaanza DHIS2, safari hii kwa lugha ya Java na kwa programu huria tupu, mwanzo hadi mwisho.

Hapa ndipo mabishano yalipoanza, na naomba tusiyacheke. Upande mmoja ulisema: tutoke kwenye Access, hatuwezi kujenga mfumo wa taifa juu ya leseni ya kampuni moja. Upande wa pili ukajibu: ngojeni kwanza. Access inafahamika. Mtu wa takwimu wilayani anaweza kuifungua, akabadili fomu, akatengeneza ripoti yake bila kumpigia mtu simu. Mkienda kwenye Java na seva, mtaandika programu huria ambayo mtu wa wilayani hawezi kuigusa. Uhuru utakuwa kwenye karatasi ya leseni, funguo zitakuwa kwa wataalamu wachache.

Hoja hiyo ilikuwa nzito, na Afrika Kusini yenyewe ilibaki na toleo la Access kwa miaka mingi baada ya hapo. Tena ilikuwa na mizizi Norway kwenyewe. Mapema miaka ya 1970 Kristen Nygaard, mmoja wa waliobuni lugha ya kompyuta ya Simula, alifanya kazi na chama cha wafanyakazi wa chuma ili wafanyakazi wazielewe mashine zilizokuwa zinaletwa kazini kwao na wawe na sauti juu yake. HISP ilikulia kwenye fikra hizo. Sasa vijana wa Oslo walikuwa wanajiuliza kama wanamsaliti mzee wao.

Bishano la pili: tukitoka Access, twende wapi? DHIS2 ilijibu kidiplomasia: popote. Katikati ya programu na kanzidata wakaweka mkalimani, programu iitwayo Hibernate. Unatumia PostgreSQL? Sawa. MySQL? Sawa. Nchi ichague yenyewe. Lakini wadau, mkalimani anayesema na watu wa makabila mengi hulazimika kutumia yale maneno tu ambayo wote wanayajua. Kile ambacho kanzidata moja inakifanya vizuri kuliko nyingine, kama kuweka ramani za vituo au kuhifadhi taarifa zisizo na umbo moja, huwezi kukitumia kwa ukamilifu.

Miaka ile MySQL ilikuwa ndiyo bingwa wa mtaani. Kila kijana aliyejifunza kutengeneza tovuti aliijua. Ilikuwa nyepesi na ya haraka. Watu wa PostgreSQL walijibu kwamba haraka bila uhakika ni hatari, kwa sababu jedwali la kawaida la MySQL wakati ule halikulinda muamala: umeme ukikatika katikati ya kuandika, nusu ya kazi inabaki na nusu inapotea. Ni mwaka 2010 tu ndipo toleo la 5.5 lilipofanya aina ya jedwali inayolinda muamala kuwa ya kawaida. Sisi wa mgao wa umeme tunaielewa hoja hiyo bila mwalimu.

Ila pigo lililofumbua macho wengi halikuwa la kiufundi. MySQL ilianzishwa 1995 na Waswidi wawili, David Axmark na Allan Larsson, pamoja na Mfini Michael Widenius. Msimbo wake ulikuwa huria, lakini hakimiliki ilikuwa ya kampuni. Mwaka 2008 kampuni ya Sun ikainunua kwa takriban dola bilioni 1. Aprili 2009 Oracle, mfalme wa kanzidata za kuuzwa, ikatangaza kuinunua Sun. Widenius akapiga kelele dunia nzima ikasikia, akiomba Umoja wa Ulaya uzuie. Januari 2010 Umoja wa Ulaya ukaruhusu. Kufikia hapo Widenius alikuwa ameshachukua msimbo na kuanza tawi jipya, MariaDB. MySQL ilibeba jina la binti yake My, na MariaDB ikabeba jina la mdogo wake, Maria.

PostgreSQL ilikuwa na ukoo mwingine. Ilianza 1986 chuo kikuu cha Berkeley, California, chini ya Michael Stonebraker. Chuo kilipoachana nayo, wanafunzi wawili, Andrew Yu na Jolly Chen, waliiongezea lugha ya SQL mwaka 1994, na 1996 watu wa kujitolea waliotawanyika duniani wakaichukua na kuipa jina la sasa. Hakuna kampuni moja inayoimiliki, kwa hiyo hakuna wa kumnunua. Ndicho alichomaanisha yule afisa.

Katika miaka ya 2010 DHIS2 iliacha ule udiplomasia, MySQL ikaondolewa na ikabaki PostgreSQL. Walipoteza uhuru wa kuchagua, wakapata uwezo wa kuchimba kisima kimoja kwa kina.

Huku kwetu mambo yalikwenda kasi. Nyaya za intaneti za chini ya bahari zilipofika pwani yetu kuanzia 2009, wazo la kufunga programu kwenye kila kompyuta ya wilaya likaanza kuonekana la kizamani. Kenya ikaweka seva moja ya taifa 2011. Tanzania Bara ikafikisha DHIS2 mikoa yote 2013. Karatasi ya shangazi ikawa safari yake inaishia wilayani, na kutoka hapo namba zinakwenda kwa modemu.

Kwa hiyo nani alishinda? Wengi watasema programu huria imeshinda, na kweli DHIS2 leo inatumika katika nchi zaidi ya 70. Mimi nasema tusishangilie haraka.

Watu wa Uyole watanielewa nikizungumza mbegu. Kituo chetu cha utafiti wa kilimo kilijengwa kwa msaada wa nchi za Nordic, majirani walewale waliotuletea MySQL na DHIS2. Pale yametoka maharage kama Uyole 94. Haragwe hujichavusha lenyewe, kwa hiyo ukivuna unaweka debe moja la mbegu, unampa jirani, mwakani mnapanda wote. Mahindi chotara ukirudia kupanda ulichovuna, mavuno yanashuka, inabidi urudi dukani. Access ilikuwa mahindi chotara. PostgreSQL ni haragwe.

Lakini haragwe bila mkulima anayejua kulipanda ni mboga tu. Leseni inakupa ruhusa ya kutengeneza, haikupi fundi. Wale waliotetea Access walikuwa wameliona hilo mapema, na tuliwaona washamba.

Januari 2025 serikali ya Marekani ilisitisha misaada ya nje, na tarehe 1 Julai 2025 USAID ikasimamisha shughuli zake. Mishahara mingi ya watu waliokuwa wakihangaika na takwimu za afya Afrika ilikuwa inatoka huko. Hakuna aliyetudai leseni ya PostgreSQL siku hiyo, wala hakuna aliyeweza kuizima. Hilo ndilo faida halisi ya ule ubishi wa miaka ishirini, na si dogo. Ila kadri seva inavyozidi kujaa, swali la afisa wangu linabaki: nani anakaa karibu nayo, na nani anamlipa?

Jibu la sehemu lipo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina watu waliokaa na mfumo huu tangu miaka ya 2000, wameufundisha na kuuandikia programu. Vijana hao si msaada wa mtu. Ningependa kuona bajeti ya nchi inawahesabu kama inavyohesabu dawa na vitanda.

Nilimpigia shangazi, siku hizi amestaafu. Nikamweleza haya yote, seva, Norway, binti wa Mfini. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo sasa ripoti haipotei?"

Nikamwambia haipotei kirahisi, na ikipotea kuna watu wanaweza kuitafuta.

"Watu gani?"

"Wapo, shangazi."

"Wa kwetu?"

"Baadhi."

"Basi waongezeni," akasema, "mimi nilikuwa peke yangu."

Nawasilisha. Karibuni tujadili, hasa nyie mnaofanya kazi na takwimu huko wilayani.