Kasoro za kihesabu rejea katika draiva za kerneli

Kihesabu rejea ni namba inayokaa ndani ya kitu cha kerneli, iwe kifaa, faili au nodi inayoeleza maunzi, na kuonyesha ni wangapi bado wanakitumia. Anayekichukua huongeza moja, anayekiacha hupunguza moja. Namba ikifika sifuri, kumbukumbu ya kitu hicho hurudishwa kwenye mfumo. Ni kama jenereta inayotumiwa na nyumba kadhaa: huzimwa na wa mwisho kumaliza kazi.

Hata Kasongo na Kabambare, kusini mwa mkoa wa Maniema nchini Kongo, jambo hili limo mifukoni mwa watu, kwa kuwa simu za Android huendeshwa na kerneli ya Linux.

Draiva ikisahau kupunguza, kitu hakifi na kumbukumbu huvuja polepole. Mwenye simu huizima na kuiwasha, mambo yakaonekana yamekwisha. Draiva ikipunguza kupita kiasi, kitu huachiliwa huku kuna anayekishika bado. Nafasi yake hupewa data nyingine, na mdukuzi hupata mlango. Uvujaji nao si wa kupuuzwa. Kasoro CVE-2016-0728, iliyotangazwa Januari 2016, ilikuwa kwenye hifadhi ya funguo ya kerneli: kila wito uliacha rejea moja nyuma, na kihesabu cha biti 32 kikiongezwa mara 4,294,967,296 hurudi sifuri, na kitu huachiliwa kikiwa bado kinatumika. Aina ya refcount_t, iliyoingia katika Linux 4.11 mwaka 2017, hugota juu badala ya kuzunguka.

Draiva huteleza zaidi pale kazi inapokatishwa na hitilafu. Kitanzi for_each_child_of_node huchukua rejea ya kila nodi na kuiachia chenyewe kinapohamia inayofuata. Mwandishi akitoka katikati kwa break au return, nodi aliyoishika hubaki imehesabiwa mpaka aite of_node_put. Mtego mbaya zaidi, kwa maoni yangu, ni pm_runtime_get_sync: huongeza hesabu hata inaposhindwa kuamsha kifaa. Nani angedhani kwamba wito ulioshindwa unadai kurudishiwa kitu? Linux 5.10, ya Desemba 2020, ilileta pm_runtime_resume_and_get, ambayo ikishindwa hurudisha hesabu yenyewe.

Coccinelle, zana iliyokuzwa Ufaransa na Julia Lawall na wenzake, hunasa mapengo ya namna hii kwa kulinganisha miundo ya msimbo. Lakini kuongeza mstari unaokosekana si kurekebisha. Kwanza ijulikane rejea ni ya nani. Kazi of_find_node_by_name, kwa mfano, huiachia yenyewe nodi inayopewa kama mahali pa kuanzia. Anayeongeza of_node_put juu yake amegeuza draiva salama kuwa ya hatari. Vivyo hivyo device_register ikishindwa: kinachotakiwa ni put_device, wala si kfree, kwa sababu hesabu imekwisha kuanza.

Marekebisho nayo husafiri polepole. Katika draiva ya Binder ya Android, muundo mmoja uliachiliwa huku epoll, utaratibu wa kerneli wa kusubiri matukio, bado ikiushika. Kasoro hiyo, CVE-2019-2215, ilikuwa imerekebishwa kwenye kerneli zaidi ya mwaka mmoja kabla ya Oktoba 2019, Maddie Stone wa Project Zero, timu ya usalama ya Google, alipoonyesha kwamba simu kadhaa, Pixel 2 ikiwemo, zilikuwa bado wazi. Simu ambayo mtengenezaji ameacha kuihudumia haipati marekebisho hayo kabisa, iwe imenunuliwa London au sokoni Kasongo.