Daraja Dogo la Bustani ya Boston

Jioni hii tunakwenda mbali kidogo, mpaka mji wa Boston huko Marekani, tukalitazame daraja moja dogo la waendao kwa miguu. Halipitishi treni wala motokaa. Liko juu ya ziwa la bustani, watu wapite wakipunga upepo. Pengine utauliza, kitu cha urembo kina historia gani? Ngoja kwanza.

Mahali penyewe zamani palikuwa kinamasi cha maji ya chumvi. Mwaka 1794 mji uliwapa mafundi wa kusokota kamba za merikebu. Vibanda vyao vikateketea kwa moto mwaka 1819. Mwaka 1824 mji ukainunua tena ardhi ile. Wako waliotaka iuzwe vipande vipande kwa kujenga nyumba, lakini raia wakapiga kura, wakakataa. Bustani ikaanzishwa mwaka 1837, na ubishi haukwisha mpaka sheria ya mwaka 1859 ilipoamua kwamba ardhi ile ibaki bustani. Hapo ndipo George Meacham alipochora ramani yake, pamoja na ziwa la kuchimbwa. Na penye maji, watu hutaka kuvuka.

Daraja likajengwa mwaka 1867. Aliyelichora ni William Preston, na injinia wake alikuwa Clemens Herschel, kijana wa miaka 25 hivi. Wakachagua daraja la kuning'inia. Mwaka ule ule kule Cincinnati lilifunguliwa daraja la John Roebling, lenye futi 1,057 kati ya minara yake miwili, na wakati ule hapakuwa na daraja la kuning'inia refu kuliko hilo duniani. La Boston lilikuwa la aina hiyo hiyo, lakini likajulikana kuwa dogo kuliko yote! Minara yake ya mawe ni minene mno kwa maji machache yale. Kama mtoto aliyevaa koti la baba yake.

Sasa tufahamu jinsi daraja la namna hii linavyofanya kazi. Chukua kamba ya kuanikia nguo, ifunge kwenye miti miwili, kisha tundika blanketi lililolowa. Kamba itabonyea katikati, na miti itainamiana. Ukitaka isimame wima, huna budi kuipitisha kamba juu ya miti na kuifunga chini, nyuma ya kila mti, kwa mambo imara. Daraja la kuning'inia ni vivyo hivyo. Miti ni minara, blanketi ni njia ya watu, na mzigo wote hupanda kwenye chuma kinachoning'inia, ukavuka mnara, ukashuka ardhini.

Basi sikilizeni habari yenyewe. Mwaka 1921 daraja la Boston lilibadilishwa. Liliwekewa mihimili ya chuma chini ya njia, nayo ndiyo inayobeba watu tangu siku hizo. Vile vyuma vya kuning'inia havikuondolewa. Vimebaki juu ya minara kama zamani, ila havibebi kitu. Ni pambo tu.

Wengine husema huo ni udanganyifu. Mimi sikubali, maana mpita njia anavuka salama na sura ya mwaka 1867 anaiona. Lakini mwanafunzi wa historia asiridhike na sura. Akitazama picha peke yake ataandika kwamba daraja hili linaning'inia, naye atakuwa amekosea kwa zaidi ya miaka 100.

Herschel mwenyewe hakukaa katika madaraja. Alijulikana baadaye kwa chombo chake cha kupimia maji yapitayo ndani ya mabomba, kazi yenye faida kubwa kuliko daraja la bustani.

Ukifika Boston wakati wa joto, usivuke tu. Panda mashua zenye sanamu za bata maji, zilizoanzishwa na Robert Paget mwaka 1877. Dereva huzisukuma kwa miguu kama baiskeli. Zikipita chini ya daraja, inua macho uitazame mihimili.