Dayuretiki si dawa ya kusisimua misuli

Mwanamichezo akikutwa na dawa iliyopigwa marufuku, habari zetu humweka kwenye kapu moja: ametumia "dawa za kusisimua misuli". Kapu hilo linapotosha. Agosti 2015, Wakenya wawili, Joyce Zakary na Koki Manunga, walisimamishwa wakiwa kwenye mashindano ya riadha ya dunia mjini Beijing, kisha wakafungiwa miaka minne kila mmoja. Kilichopatikana kwenye mkojo wao ni furosemidi, na furosemidi haisisimui msuli wowote. Hospitalini hupewa wagonjwa wa moyo waliovimba miguu.

Furosemidi ni mojawapo ya dayuretiki. Istilahi hii ina asili ya Kigiriki, katika maneno yanayohusu kupitisha mkojo. Figo za mtu mzima huchuja takriban lita 180 za majimaji kwa siku, kisha hurudisha karibu zote kwenye damu. Inayotoka ni lita moja au mbili tu. Maji hurudi kwa kufuata chumvi. Furosemidi huizuia chumvi isirudi, na maji nayo hubaki njiani hadi kwenye kibofu. Aliyemeza kidonge huanza kwenda msalani mara kwa mara katika muda wa saa moja hivi.

Michezoni dayuretiki hutumiwa vibaya kwa njia mbili. Ya kwanza ni uzito. Bondia, mcheza judo au mnyanyua vyuma hupimwa kwenye mizani, na maji yakimtoka kilo hushuka haraka. Mwaka 1988 huko Seoul, Wabulgaria Mitko Grablev na Angel Genchev walinyang'anywa dhahabu za kunyanyua vyuma kwa sababu ya furosemidi, na timu yao ikarudi nyumbani. Miaka 12 baadaye huko Sydney, Mbulgaria mwenzao Izabela Dragneva alipokonywa dhahabu ya kilo 48 kwa dawa hiyohiyo, mwaka ambao wanawake walishindana kwa mara ya kwanza katika mchezo huo kwenye Olimpiki.

Ya pili ni kuficha. Mkojo ukiwa mwingi huwa mwepesi, na mabaki ya dawa nyingine yakapungua humo hadi maabara ikapata shida kuyaona. Ndiyo maana mwanamichezo hukojoa mbele ya msimamizi wa jinsia yake, akatoa angalau mililita 90, na uzito wa mkojo ule ukapimwa papo hapo. Ukiwa mwepesi mno, husubiri atoe mwingine. Katika orodha ya WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa zilizopigwa marufuku michezoni, dayuretiki zimo kundi la S5 pamoja na dawa za kuficha, na ni marufuku wakati wote, ndani na nje ya mashindano.

Kwa Kiswahili tuziiteje? "Dawa ya maji" haifai, kwani wengi huelewa dawa ya kunywa ya chupa. "Kikojozi" tayari ni mtu anayekojoa kitandani. Ninapendekeza "dawa ya kuongeza mkojo" kwenye habari na mafunzo ya wanamichezo, na "dayuretiki" kwenye maandishi ya kitaalamu. Jina la kwanza humwambia msomaji dawa inafanya nini, na hilo ndilo analohitaji kujua.

Kijana aliyefundishwa kuogopa "dawa za kusisimua misuli" hatakishuku kidonge cha presha alichopewa na ndugu yake. Mwaka 2003 Shane Warne wa Australia alirudishwa nyumbani kutoka Kombe la Dunia la kriketi Afrika Kusini, akafungiwa mwaka mmoja. Alieleza kwamba kidonge alipewa na mama yake. Kilikuwa na dayuretiki mbili.

Tena, dawa hizi huondoka na madini. Furosemidi hupunguza potasiamu mwilini, na ikipungua sana mapigo ya moyo huvurugika. Anayekimbia juani huku ameishiwa maji anacheza na uhai wake.

Kocha, basi, awaambie vijana wake wazi: kabla ya kumeza kidonge chochote, muulizeni daktari au mfamasia kama kinaongeza mkojo. Anayekihitaji kwa ugonjwa aombe kibali cha matibabu kabla ya kushindana. Na sisi waandishi tuitaje dawa kwa kazi yake.